Mume Wangu Kwenye Shuka Jeupe

Mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka, mimi na mume wangu tulikuwa tunaishi Bukoba mjini, upande wa Kashai, katika chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa bati. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Waingereza, ingawa sisi hatukujua kama ni ya mwisho. Sote wawili tulifanya kazi kwenye kiwanda cha kukobolea kahawa karibu na ziwa. Mume wangu alikuwa kuli: alishusha magunia kutoka kwenye malori, akayapeleka kwenye mizani, na meli ilipokuja akayabeba hadi bandarini. Mimi nilikuwa mchambuaji. Tulikaa wanawake kwenye mabenchi marefu, kila mmoja na rundo lake la buni mezani, tukitoa punje nyeusi, zilizovunjika, na zile zilizotobolewa na wadudu. Jioni vidole vilikuwa vya kijivu na mgongo ulikataa kunyooka.

Ndoa yetu ilikuwa bado changa. Mimi kwetu ni Kanazi, binti wa mzee wa kanisa la Kilutheri. Yeye kwao ni Izigo, njia ya kwenda Muleba. Baba yake alikuwa na kibanja kizuri, migomba imeshikana na mibuni chini yake, lakini mume wangu hakuwa mtoto wa kwanza, na kwetu Buhaya kibanja kina mrithi wake. Ndiyo maana tulikuja mjini. Hatukuona vibaya. Tulikuwa na kitanda, meza, taa ya chemli, na Jumamosi tulinunua samaki.

Kisha malori yakapungua. Wakulima waliacha kahawa majumbani wakingoja bei ipande, na kiwanda kikaanza kuwarudisha makuli. Kila asubuhi walisimama nje ya geti, mnyapara akatoka, akanyoosha kidole kwa huyu na yule, wengine wakabaki wamesimama. Sisi wachambuaji hatukuguswa. Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wamekuwa wachaguzi, kahawa ilibidi iwe safi zaidi, na mwanamke alilipwa kidogo. Basi tulitoka nyumbani pamoja kama zamani, tukatembea pamoja hadi getini, mimi nikaingia, yeye akabaki nje.

Siku moja nilirudi nikakuta chungu kiko jikoni, ndizi zimeiva na maharage yake.

"Nani amepika?" nikauliza.

"Zimejipika," akasema, akiangalia ukutani.

Sikuuliza tena. Kwetu mwanamume alima, alipogoa, alikamua ndizi za pombe, hata kufua aliweza kufua. Lakini kumenya ndizi ilikuwa kazi ya mwanamke, na mwanamume aliyekutwa na kisu cha kumenyea angechekwa mpaka kaburini. Mume wangu alimenya mlango ukiwa umefungwa, na maganda aliyafunga kwenye gunia akayatupa mbali na nyumba. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Tulikula.

Kilichotugombanisha kilikuwa kitu kingine. Kila siku ya mshahara nilimkabidhi pesa nje ya geti, ili dukani awe yeye wa kulipa. Mwanzoni alizipokea. Jioni moja alikataa.

"Shika wewe," akasema. "Zako."

"Watu wa dukani watasema nini wakiona mimi ndiye nafungua kitambaa?"

"Watasema ukweli."

"Mimi sitaki ukweli, nataka unga. Shika!"

Nilimsukumia, naye akarudisha mkono nyuma, sarafu zikaanguka kwenye vumbi. Tukainama kuokota, vichwa vyetu karibu vigongane, na tulipoinuka kulikuwa na mtu ametusimamia.

Alikuwa Mhindi wa mjini, mpiga picha mwenye studio kwenye barabara ya maduka. Sote tulimjua. Kila aliyefunga ndoa Bukoba alikaa mbele ya pazia lake, lililochorwa ngazi na maua ya nchi nyingine. Siku hiyo alikuja kupiga picha ya mashine mpya ya kiwanda, na alikuwa bado amebeba kamera yake begani. Alizaliwa hapo hapo Bukoba, na Kihaya chetu alikisikia vizuri kuliko tulivyodhani.

"Samahani sana," akasema. "Nimesikia maneno yenu. Ningependa myaseme tena, siku nyingine, mbele ya kamera."

Mume wangu akakunja uso. "Unatucheka, bwana?"

"Sicheki. Nataka kutengeneza sinema."

Sinema tuliifahamu. Gari la serikali lilikuja mara moja moja, likatundika kitambaa uwanjani, tukaonyeshwa mtu mmoja aliyechimba choo akapata afya, na jirani yake mvivu aliyekataa kuchimba akaugua. Watoto walishangilia zaidi pale yule mvivu alipotokea.

"Sinema ya choo?" nikauliza.

"Ya mtu na mkewe," akasema. "Kazi imepotea, wanapendana, na wanagombana."

"Nani atatazama watu wanaogombana?" mume wangu akasema.

"Kila mtu aliyewahi kugombana."

Akatueleza waziwazi kwamba hakuwa na kampuni wala serikali nyuma yake. Kamera aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na filamu aliinunua kwa faida ya picha za harusi. Mshahara hakuwa nao. Angetulisha siku za kazi, na mimi angenipa kitambaa cha gauni. Tuliondoka bila kumjibu. Tulipofika karibu na nyumbani, mume wangu akasema, "Jumapili hatuna kazi nyingine."

Basi tukaanza. Kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda studio. Mke wa mpiga picha alitupa chapati na mchuzi wa dengu, kisha sote wanne tulitoka na mizigo. Geti la kiwanda tulikatazwa, kwa hiyo tulitumia mlango wa ghala la mfanyabiashara mmoja, na watu waliosimama pale kama makuli wasio na kazi walikuwa makuli wasio na kazi kweli. Kamera ile haikushika sauti. Ilikuwa ikilia kama cherehani, nasi tulisema maneno yetu kwa Kihaya kama kawaida.

"Msiigize," alikuwa akituambia. "Ongeeni tu."

Rahisi kusema. Mume wangu, mtu aliyebeba gunia bila kulalamika, aliposikia ile cherehani ikianza alisimama wima kama askari. Mara ya kwanza alinirudishia zile pesa kwa mikono miwili, kama anatoa sadaka. Mpiga picha alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya Jumapili kadhaa tulizoea. Tulianza hata kusahau kwamba anatutazama.

Siku moja alikuja kwetu katikati ya wiki kutuambia kwamba filamu mpya imefika kwa meli. Mimi nilikuwa kazini. Alibisha, akasukuma mlango, akamkuta mume wangu amekaa kwenye kigoda, ndizi mapajani, kisu mkononi.

"Hiyo!" akasema mpiga picha. "Hiyo ndiyo naitaka."

Mume wangu akamtoa nje. Jioni ndipo aliponisimulia.

"Anataka watu wote wanione namenya. Hapana. Baba yangu bado yu hai."

Nilimwambia hakuna wa kumlazimisha. Sinema ikasimama. Mpiga picha hakuja tena kuuliza, mkewe tu ndiye aliyetutumia chapati kupitia kwa jirani, na hilo lilimuuma mume wangu zaidi kuliko kama wangekasirika. Ikapita muda. Asubuhi moja mnyapara alichagua vijana watatu waliotoka tu kijijini, akampita mume wangu kana kwamba amepita nguzo. Mimi niliona kutoka ndani. Jioni sikumkuta nyumbani. Alikuwa amekwenda studio kwa miguu yake mwenyewe.

"Nimemwambia alete kamera," akaniambia aliporudi. "Kumenya namenya. Afadhali wanione namenya kuliko waseme nalishwa nimekaa."

Chumba chetu kilikuwa na giza, kwa hiyo ilibidi kubandua mabati juu ya paa ili jua liingie. Mwenye nyumba alikuwa mjane mkali. Alisimama uani mikono kiunoni akiuliza kama sisi ni wapangaji au wavunjaji. Mke wa mpiga picha alimpa kiti, akampa na kioo kikubwa cha studio akishike, amulike jua ukutani. Baada ya hapo mjane hakugomba tena. Alimulika kwa bidii, na kila tulipopumzika alijitazama humo.

Mume wangu alikaa kwenye kigoda akamenya. Mimi niliingia kutoka kazini nikasimama mlangoni, kama tulivyoelekezwa. Nilitakiwa nimwulize anafanya nini. Nilipomwona ameinamisha kichwa, jua limempiga shingoni, maneno yalinikauka. Yeye ndiye aliyesema, bila kuambiwa.

"Wewe umeinama siku nzima. Mimi nimesimama siku nzima natazama geti. Sijui nani amechoka zaidi."

Nikakaa chini, nikachukua kisu kingine, tukamenya sote wawili. Kamera ikalia mpaka filamu ikaisha. Mvua ilitukuta mabati yakiwa bado uani, ikatulowanisha sisi, kitanda na mjane na kioo chake.

Sehemu iliyofuata ya sinema, mwanamume alitakiwa aingie ndani aseme anakwenda Uganda kutafuta kazi. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa wakienda, kwenye mashamba ya miwa na ya pamba, kwa hiyo hatukuona ajabu. Tulifanya mara moja tu. Mume wangu aliingia, akavua kofia, akasema, "Nakwenda Uganda. Hapa nitakuwa nguzo ya geti." Nami nikajibu kilichonijia, "Kwani nimekufukuza?" Akasema, "Hujanifukuza. Ndiyo maana ni vigumu." Mpiga picha akazima kamera, akasema ni vizuri sana, hatahitaji kurudia.

Tulipobaki wawili nikamwuliza mume wangu, "Maneno yale ulifundishwa na nani?"

Alikaa kitandani, kofia mkononi.

"Nimeshaongea na dereva wa lori la Mutukula, kule mpakani," akasema. "Nilikuwa natafuta njia ya kukuambia. Pale mbele ya kamera nikaona imekuwa rahisi."

Nililia, nikanyamaza, nikampigia pasi shati. Sikumzuia. Kila asubuhi nilikuwa namwona kwenye lile geti, na nilijua mtu anaweza kufa akiwa amesimama.

Siku ya safari mpiga picha alikuja stendi ya malori na kamera yake. Mume wangu alikuwa ameshapanda juu ya mizigo, blanketi begani. Walitazamana. "Leo hapana, bwana," mume wangu akasema. Mpiga picha akairudisha kamera ndani ya mkoba wake, akanyoosha mkono juu, wakapeana mikono, na lori likaondoka. Hivyo sinema yetu ikakosa mwisho.

Filamu zilipelekwa Nairobi kusafishwa, kwa meli hadi Kisumu na kwa treni kutoka huko, na zilikaa miezi. Mimi niliendelea kuchambua. Habari za mume wangu zilikuja kwa midomo ya madereva: yuko kwenye shamba kubwa la miwa ng'ambo ya Kampala, ni mzima, ametuma sabuni, ametuma khanga. Kisha kikapita kipindi kirefu bila neno. Nilijifunza kulala katikati ya kitanda.

Filamu ziliporudi, mpiga picha alizikata na kuziunga kwa gundi juu ya meza ya studio, akanionyesha kwenye ukuta wa chumba cha nyuma. Ilikuwa ajabu kumwona mume wangu anatembea bila kelele yoyote. Nilinyoosha mkono, kivuli changu kikamfunika.

"Nataka kuionyesha Muleba," mpiga picha akasema. "Shemeji yangu ana duka pale sokoni. Siku ya gulio watu ni wengi. Lakini haina sauti, kwa hiyo mtasema nyinyi, kando ya shuka."

"Sisi nani? Mwenzangu hayupo."

Alimtafuta karani mmoja wa mjini aseme maneno ya mwanamume. Karani alikuwa na sauti nzuri, lakini alisema kama anasoma tangazo la mkutano. Kila aliposema "Mke wangu mpenzi", neno ambalo mume wangu hajawahi kulitamka maisha yake yote, mimi nilishindwa kumjibu. Mwisho nikasema, "Mwache bwana karani apumzike. Nitasema sauti zote mbili."

Sikufikiria vya kutosha Muleba ni karibu na wapi. Watu wa Izigo huenda gulio la Muleba. Nilipofika na gari la mpiga picha mchana ule, mtu wa kwanza niliyemwona kwenye baraza la duka alikuwa mama mkwe wangu, na kando yake baba mkwe katika koti lake la kanisani. Walikuwa wamesikia kwamba mtoto wao yuko kwenye sinema. Nilipiga magoti nikawasalimia. Baba mkwe aliitikia kwa upole. Mama mkwe alinishika mkono akauliza kwa sauti ya chini, "Picha zenyewe ni za heshima?" Nilijua anachoogopa. Wakati ule mwanamke wa Kihaya aliyesikika mjini, watu walimaliza wenyewe habari yake, kwamba anajiuza.

"Ni za heshima, Mama," nikasema. Lakini niliwaza kisu na ndizi.

Jua lilipozama shuka lilitundikwa kwenye ukuta wa duka, jenereta ikawashwa nyuma, na watu wakakaa chini mpaka barabarani. Wazazi waliwekewa viti mbele kabisa. Mimi nilisimama kando na kipaza sauti cha mkononi. Mwanzoni watu walicheka kwa furaha, wakaonyeshana: lile ghala! yule fulani! Kisha mume wangu akajitokeza, mkubwa kama mlango wa kanisa, akitembea kuelekea ghalani. Mama mkwe akasimama. Akamwita kwa jina lake la utotoni, kwa sauti, kana kwamba angegeuka.

"Mbona amekonda hivi?" akasema, na watu wa nyuma wakamwomba akae.

Nilianza kusema. Yangu nilisema kwa sauti yangu, yake nilishusha chini kidogo, sikujaribu kumwiga. Walicheka pale sarafu zilipoanguka. Kisha ukaja mchana ule wa mabati. Alipoonekana kwenye kigoda anamenya, kicheko kikatoka kwa watu wote pamoja, cha wanaume hasa, na mtu mmoja akapiga mluzi. Nilimtazama baba mkwe. Alikuwa amekaa vile vile, mikono juu ya fimbo. Nilitaka kunyamaza, picha ipite. Lakini mdomo wa mume wangu ulianza kutembea kwenye shuka, na hakuna mwingine aliyejua alichosema.

"Wewe umeinama siku nzima," nikasema kwenye kipaza sauti. "Mimi nimesimama siku nzima natazama geti. Sijui nani amechoka zaidi."

Kicheko kikapungua, kikaisha. Kwenye shuka nikajiona ninakaa, nikachukua kisu. Muda wote tuliokuwa tunamenya ilisikika jenereta tu. Wengi wa wanaume wale walikuwa na kahawa nyumbani isiyouzika.

Kisha akaingia na kofia yake, akasema anakwenda Uganda. Nikasema yake, nikasema yangu. "Hujanifukuza. Ndiyo maana ni vigumu." Filamu ikaishia hapo, shuka likabaki jeupe kabisa na mwanga ukatuangaza usoni sote. Watu hawakuinuka. Walidhani kuna nyingine inawekwa.

"Ikawaje?" mwanamke mmoja akauliza.

Mpiga picha alinitazama.

"Amerudi?" yule mwanamke akauliza tena, akiniangalia mimi.

"Bado," nikasema.

Watu waliondoka polepole wakiongea. Mama mkwe alinifuata ndani ya duka, tukakaa juu ya magunia ya chumvi. Alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja.

"Kwa nini hamkutuambia kwamba mna shida hivi?"

"Alisema baba yake bado yu hai, Mama. Hakutaka aone aibu."

"Aibu yenyewe ni jinsi anavyomenya," akasema, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Umeona anavyoacha nyama kwenye ganda? Nani alimfundisha?"

Baba mkwe hakungoja. Alinipa mkono, akaenda zake. Nilirudi Bukoba nikiwa na uhakika kwamba nimeiaibisha nyumba yake mbele ya gulio zima.

Baada ya wiki chache nilitoka kazini nikamkuta baba mkwe amesimama nje ya geti, mahali pale pale makuli waliposimama asubuhi. Alikuwa amekuja kwa basi. Nadhani alikuwa amekaa pale muda mrefu, kwa sababu koti lake lilikuwa limejaa vumbi. Nilimpeleka nyumbani, nikampikia. Alikula, akatazama paa, ambalo tangu siku ile ya sinema lilikuwa linavuja, akatazama kitanda, kisha akasema.

"Nyuma ya kibanja kuna sehemu ya rweya iliyo mkononi mwangu. Unaifahamu, pale wanapokata nyasi. Ni ardhi mbovu. Haina migomba, haina chochote. Mtu akiitilia samadi miaka kadhaa inaweza kuwa kibanja."

"Ndiyo, Tata."

"Nampa mumeo. Kaka yake hataki. Nimeshamwambia ndivyo itakavyokuwa. Wewe ndiye unayejua madereva. Mpelekee maneno."

Nikayapeleka. Nilimwambia kila dereva wa njia ya Mutukula niliyemfahamu, na wale ambao sikuwafahamu niliwasimamisha. Sikutuma maneno mengi: baba amekuja nyumbani, ametoa rweya, rudi. Sijui ni dereva yupi aliyemfikia. Alirudi msimu wa senene, wakati watu wote wako nje wanakimbiza wadudu wale kwa kelele, na hakuna aliyemwona anashuka kwenye lori ila mimi. Alikuwa na kikohozi na godoro jipya. Tulisimama tukiangaliana kama watu wanaongoja kuambiwa waanze.

"Wanasema watu wote wa Muleba wameniona namenya," akasema.

"Wameona."

"Na Baba?"

"Alikaa mbele kabisa."

Akafikiri. "Basi," akasema, na akabeba godoro lake tukaenda nyumbani.

Tulihamia Izigo kabla ya mvua za masika. Ile rweya ilikuwa mbovu kama alivyosema mzee. Tulibeba samadi kwa vikapu kutoka kwa mwenye ng'ombe ng'ambo ya kilima, tukachimba mashimo, tukatandaza nyasi. Kaka wa mume wangu alipita mwaka mzima bila kutusalimia vizuri, kisha mkewe akajifungua mapacha na hakukuwa na mtu mwingine karibu wa kusaidia, na baada ya hapo tukasalimiana. Msimu wa kahawa nilirudi mjini kuchambua, kwa sababu migomba michanga hailishi mtu. Mume wangu alibaki na shamba. Alipika, na mlango hakufunga.

Mpiga picha alifurahi aliposikia amerudi. Alitaka apige mwisho wa sinema. Lakini biashara yake nayo ilikuwa imezama, watu hawakuwa wakifunga harusi kubwa, na ile kamera alikuwa ameshaiuza. Alisema atanunua nyingine. Kabla hajanunua, yeye na mkewe walihamia Mwanza kwa ndugu zao, na filamu zetu zikaenda nao ndani ya sanduku. Sikuwahi kuwaona tena. Lile gauni nililoshonewa kwa kitambaa chake nililivaa mpaka likawa kitambaa cha kufungia mtoto.

Kwa hiyo mume wangu hakuiona sinema hata siku moja. Kijiji kizima kilikuwa kimemwona, yeye hakujiona. Mwaka wa pili wa shamba, tukiwa tunatandaza nyasi, akaniomba nimweleze. Nikamweleza kuanzia mwanzo, kwa sauti zote mbili, kama nilivyofanya Muleba. Alisikiliza huku akifanya kazi.

"Hapo sikusema hivyo," akanikatiza.

"Ulisema."

"Nilisema 'sijui nani amechoka'. 'Zaidi' umeongeza wewe."

"Nilikuwepo mimi. Ulisema 'zaidi'."

"Na mimi sikuwepo?"

Tulibishana mpaka mwisho wa mstari wa migomba. Kisha akauliza alionekanaje, nami nikamwambia alionekana mrefu, amekonda, na masikio makubwa. Akayashika masikio yake kwa mikono iliyojaa samadi, akaniambia nimletee kikapu kingine.